Kioo Kinalia Nikilaza Kiganja

Mjukuu wangu Salma,

Huku Guangzhou tu wazima; bibi yako yuko soko la Zhanqian, anabishana bei za madera. Umeniuliza mkono wangu wa kushoto hufanya nini nikipiga ganuni, ala yangu ya nyuzi. Wallahi sijui. Nimeijaribu ile programu yako ya kupigia ganuni kwenye tableti: kila nikilaza kiganja, kioo kinalia kana kwamba nimepiga.

Ujanani mwalimu wangu aliniuliza swali hilohilo katikati ya wimbo. Nikautazama mkono, nikapotea mbele za watu. Akacheka: "Unazima nyuzi, na mwenyewe hujui!"

Kumbe mkono huo kazi yake ni kunyamazisha. Mkono unajuaje uzime uzi upi na lini? Mpaka leo sielewi.

Nikirudi Unguja nitakupigia ganuni. Utazame mkono, ila usiniambie unautazama.

Babu yako