Kura ya Baba

Brandt Creek, Illinois
Juni, Jumatano

Kwa kaka yangu mpendwa Wendell,

Pokea salamu za wote wa huku nyumbani. Sisi tu wazima. Natumaini goti lako limepona na joto la Arizona halijakumaliza wewe na wifi Noreen. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii. Tangu nianze barua hii nainuka tu kuchungulia barabarani kama gari la Baba linapita.

Unakumbuka mwaka jana watu walivyofoka kwamba shule imekalia pesa zao. Baba, akiwa mwenyekiti wa bodi, akakubaliana nao. Wakapunguza kodi, wakafunga taa mpya uwanjani, na akiba ikaisha. Mimi mtunza hazina wao nilionya, nikaambiwa nimezidi woga.

Sasa kaunti imechelewa kutoza kodi ya mashamba na nyumba. Fedha tuliyoitegemea mwezi huu haitaingia kabla ya Septemba, na walimu wanangoja mishahara ya likizo, ya kazi waliyokwisha kuifanya. Benki ilikubali kutukopesha, tulipe kodi ikiingia. Jana bodi ikagawanyika, watatu huku na watatu kule. Ikabaki kura ya Baba, naye akashikilia kwamba shule yake haitakopa. Mwalimu Bettina wa darasa la kwanza, na ujauzito wake mkubwa, akauliza kwa upole alipe pango la nyumba kwa kitu gani. Baba akarudia kwamba shule haitakopa.

Hapo nikapandwa na hasira. Unajua huku kwetu mtu atakuuliza ugonjwa wako, hata ugomvi wa ndoa yako, lakini mambo yako na benki hayagusi. Mimi niliyagusa, ukumbi mzima ukisikia.

"Baba," nikamwambia, "kila mwaka unakopa pesa ya mbegu, unalipa ukivuna. Umetulea kwa mkopo huo huo. Leo mkopo umekuwa dhambi?"

Watu wakainamisha vichwa. Orville, jirani yake, akatoka nje. Baba akanyoosha mkono wa ndiyo, mkopo ukapita. Bettina akanikumbatia, nami nikajiona shujaa mpaka nilipofika kwenye maegesho.

Baba alikuwa ndani ya gari lake, hajaliwasha. Nilimwomba radhi kwa ukali wangu. Akasema hana kinyongo, ila kuna jambo afadhali nilijue.

"Mwaka huu benki imeninyima, mwanangu. Mahindi yale unayoyasifu ni ya Orville. Nimemkodisha shamba lote."

Sote tulimwona Orville akipanda, tukadhani anamsaidia Baba kwa kuwa Baba anaumwa mgongo. Baba akaniambia alijua tangu mwanzo kwamba shule haina njia nyingine. Alichoogopa ni kuketi tena mbele ya meneja yule yule wa benki, atie saini ya mwenyekiti kwenye meza ile ile aliponyimwa pesa ya mbegu. Kesho asubuhi tunakwenda benki, yeye na mimi. Amenitaka nimpigie pasi shati jeupe, nami nimelipiga mara mbili.

Nibusie watoto, na wifi mwambie jamu yake tumeimaliza. Jumapili ukimpigia Baba kama kawaida yako, mwambie habari za goti, za besiboli, chochote kile. Nakuomba tu, kaka, usimwulize mahindi yamefika wapi.

Akupendaye,
dada yako Marlys