Kompyuta Inayopumzika Sabato

Sori, Ijumaa usiku, 1998

Na bado haiwaki. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma.

Muuzaji kule Migori alituwekea laptop mbili mezani. Moja ilikuwa ya DOS, maandishi matupu kwenye kioo cheusi. Nyingine ilikuwa na Windows, ina picha na rangi. Baba akasema, "Wewe ndiye unaenda yunivasiti. Chagua haraka, Sabato isitukute njiani."

Mimi sijawahi kugusa kompyuta. Nikachagua yenye rangi.

Sasa ndiyo nakumbuka. Ile ya DOS ilikuwa inafanya kazi bila waya. Yangu ilikuwa imechomekwa ukutani muda wote, na sikuuliza kwa nini. Betri yake imekufa. Hapa kwetu stima iko wapi?

Baba aliuza ng'ombe wa kulimia ili tupate hiki kitu. Mvua inakaribia na zizi liko tupu. Mama amekifunika kwa kitambaa cha redio.

Baada ya maombi Baba aliniuliza, "Nyara, binti yangu, mbona hutuonyeshi?"

Nikamjibu, "Sabato imeingia, Baba. Nayo ipumzike."

Alifurahi mno. Aliwaambia wadogo zangu kwamba hata huko yunivasiti dada yao hatamsahau Mungu. Kisha akaagiza watu waambiwe waje kuiona kesho, jua likizama.

Tangu utotoni nimekuwa nikiliombea jua la Jumamosi lizame haraka, Sabato iishe nikacheze. Ee Mungu, la kesho lichelewe.