Kadi za Merv Tierney

Jumatatu, 3 Machi 2014

Glenys amepiga simu. Katibu wa tawi letu, sauti tamu kuliko kawaida — nikajua kuna jambo. Uchaguzi wa jimbo ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mgombea wetu, Lachlan Prowse, anataka sura mpya langoni pa shule, penye kituo cha kura. Mimi nipumzike. Nimeshafanya ya kutosha, kasema.

Nimemwambia hamna neno. Nimecheka, hata. Halafu nikakaanga yai, nikalila nimesimama kwenye sinki.

Miaka ishirini na mitatu nilikuwa mbunge wa hapa Wirradale. Uchaguzi mara nane, ushindi mara nane. Na tangu nistaafu sijakosa hata mara moja kusimama langoni pale kugawa kadi za chama, zile za kumwonyesha mpiga kura aweke namba gani kwa mgombea yupi. Ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki. Sasa nayo basi.

Jumatano, 5 Machi

Duka la mikate. Binti wa kaunta kaniuliza jina la kuandika kwenye mfuko. Zadow, nikasema. Kaniomba nimtajie herufi. Jina lililokuwa kwenye kila nguzo ya simu kuanzia hapa hadi mtoni! Nikamtajia, moja moja.

Kwenye sanduku la barua, kipeperushi cha Prowse. Kapigwa picha mbele ya wodi "mpya" ya hospitali. Mpya! Niliigombania miaka sita, ikafunguliwa mwaka themanini na saba. Juu ya bahasha hata jina langu hakuna: Kwa Mkazi.

Ijumaa, 7 Machi

Posta wanasema Merv Tierney amelazwa. Mapafu. Merv wa reli — ndiye niliyemshinda mara zote nane. Chama chao hakijapata kushinda hapa tangu enzi za babu yangu. Alilijua hilo, na kila mara alijitokeza.

Nimeendesha gari hadi hospitali. Nikakaa humohumo garini. Niingie kama nani? Sijawahi kukanyaga nyumbani kwake. Tumezungumza langoni tu, kutwa nzima kila uchaguzi, yeye kushoto, mimi kulia. Nikarudi.

Jumapili, 9 Machi

Grant, mwanangu, kapiga kutoka Perth. Dakika nne. Kauliza kama niko sawa, nikasema niko sawa. Siko sawa. Mimi ni mpweke — haya, nimeandika. Tangu Nola afariki, nyumba hii husikii kitu ila friji.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimeingia.

Merv kakonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Mrija puani. Kuniona tu, akaanza.

"Mheshimiwa! Umekuja kuhakikisha nimeshindwa?"

"Nimekuja kuhesabu mapema, nikalale."

"Umeniletea zabibu?"

"Sikuleta."

"Bahili wewe. Ndiyo maana mlitufungia reli."

Tukacheka mpaka akakohoa. Muuguzi akanikazia macho. Kisha Merv akanieleza. Kadi zao zimefika kutoka makao makuu, boksi liko barazani kwake. Hakuna wa kuzigawa. Joyce aliyekuwa akimsaidia kahamia kwa bintiye. Mgombea wao ni msichana wa mjini, hajawahi hata kufika huku.

"Tangu mwaka sitini na tano, Col, upande ule haujakaa mtupu hata uchaguzi mmoja. Zigawe wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unajua wakinikuta nazo watanifanya nini," nikamwambia.

"Najua. Si ulimfanyia Ted."

Jumatano, 12 Machi

Ted Noske. Alikuwa msimamizi wangu siku ya ndoa. Mwaka themanini na mbili aligawa kadi za shemeji yake, mgombea huru. Kanuni yetu ni fupi: mwanachama akigawa kadi za mgombea mwingine, uanachama wake umekwisha siku hiyohiyo. Hakuna kujitetea. Hoja ya kumtoa niliipeleka mimi. Hakunisalimia tena mpaka anaingia kaburini. Na mimi nilijivunia, Mungu anisamehe.

Mkuki kwa nguruwe. Sasa naugeuzageuza mkononi, na ni mchungu kweli.

Maana nikitolewa nabaki na nini? Siku ya kuzaliwa, kadi hutoka chamani. Krismasi nakula na tawi. Hata jeneza langu watabeba wao — nani mwingine?

Lakini uchaguzi uliopita. Wa kwanza bila Nola. Yeye ndiye alikuwa akituletea chai langoni saa nne asubuhi, sote wawili, ya Merv bila sukari. Siku ile saa nne ikafika, nikajikuta natazama barabara kama mjinga. Merv akavuka na chupa yake ya chai. Kanimiminia, sukari vijiko viwili. Akarudi upande wake.

Sijamwambia mtu habari hiyo. Ningemwambia nani?

Alhamisi, 13 Machi

Nimepiga simu wodini. Amelala tangu jana, haamki vizuri. Muuguzi kauliza kama mimi ni ndugu.

"Hapana. Mpinzani wake."

Akasema akiamka atamwambia nimepiga.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechukua boksi barazani kwa Merv. Mbwa wa jirani yake kabweka, nikashtuka kama mwizi.

Mara iliyopita walipata kura arobaini na moja kituo kizima. Hizi kadi hazitabadili chochote. Prowse atashinda akiwa usingizini.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili kasorobo asubuhi. Nimo garini, mbele ya shule. Wazazi wanawasha jiko la soseji za kuchangia shule. Glenys kafika na vijana wawili wenye fulana za chama, wamesimama kulia. Kushoto hakuna mtu. Nimefungua mlango wa gari mara mbili, nikaufunga — mimi, niliyehutubia bunge!

Saa tatu na robo. Niko kushoto, kwenye kiti cha kukunja. Wengi wamechukua bila kuangalia. Mama Schirmer, mpiga kura wangu wa zamani, aliangalia. Akaniangalia na mimi, kisha akaikunja akaitia mkobani.

Glenys akavuka.

"Col, hizo ulizoshika ni za nani?"

"Za Merv."

Akaisoma moja. Nilingoja hasira. Haikuja. Sura ikawa laini, na hapo ndipo iliponiuma.

"Umekosea boksi, mzee wetu. Na joto hili. Nipe, nikuletee zetu. Hakuna atakayejua."

Kanifungulia njia kabisa. Nikubali tu kwamba nimezeeka, akili inanitoka, na wote watanisamehe. Kesho wataniletea mchuzi nyumbani. Nilitaka kuzitoa kadi zile. Nakiri, mkono ulikwishanyooka.

Gari la Prowse likaingia wakati uleule, na mwandishi wa gazeti na kamera yake. Glenys kawakimbilia. Ndiyo nimepata nafasi ya kuandika haya. Wamesimama kando ya uzio, wananitazama. Prowse ananitikisia kichwa polepole, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Namsikia Glenys akiwaambia wasinijali, nimechanganyikiwa tangu nifiwe na mke, sijui ninachogawa.

Naweka kalamu. Naenda kumsahihisha.