Tundu la Pili na Mkwe Asiyeingia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Itangazwe kwa raia wote wa saiba hii, duka langu la intaneti, ambao saa hii ni mimi na paka: leo saa tisa na dakika ishirini alasiri, kompyuta ndogo ya mezani ilipata tundu lake la pili la waya wa intaneti. Hafla ilikuwa fupi. Hotuba ilitolewa na mimi. Makofi hayakuwepo — paka alikuwa amelalia karatasi za printa.

Miaka hamsini na tatu, miwani mbili, bisibisi ya cherehani. Na bado nimefungua mashine na kuifunga.

Hii kompyuta ukubwa wake ni kama kamusi nene. Ilitoka kwa ofisi fulani ikiwa imezeeka, ikaja na tundu moja tu. Mimi nataka isimame kama askari wa geti: intaneti iingie kwa tundu moja, ikaguliwe, itokee kwa lingine kwenda kwa zile kompyuta sita za wateja. Kamari na uchafu vibaki nje. Mwalimu Naserian wa kanisani ako na wasichana kumi na wawili wa darasa la likizo. Aliniambia kwa ule upole wake unaouma: Jumatatu ijayo kama geti liko tayari, wanakuja kwangu. Kama haliko, anawapeleka Ngong. Bila hao wasichana, Agosti hii mimi na paka tutatazamana.

Kadi ya hilo tundu aliituma mume wa binti yangu Aketch. Ndogo kama stempu. Inakaa mahali pa kadi ya waifai, halafu kuna utepe wa waya unaopeleka mambo hadi nyuma. Huyo bwana, Meitamei, hutengeneza kompyuta za maofisi huko Kajiado. Angeifunga kwa dakika kumi. Lakini hajawahi kukanyaga hapa Kitengela kwangu, miaka miwili sasa. Watu wao wa Bisil na watu wangu wa Siaya wamekubaliana jambo hili bila mkutano: mwanamume hakai chini ya paa moja na mama mkwe.

Kwa hivyo nimefanya mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Mwanzia wa duka la simu, mlango wa pili, alipita. Nikamwonyesha.

"Mama Aketch, tundu ni safi. Sasa mbona taa yake haiwaki?"

Nikasema taa ni urembo.

Akaketi, akabonyeza hapa na pale. Kompyuta inasema ina tundu moja. Ile ingine haijui. "Kadi imekufa," akasema. "Uliishika ukiwa na hiyo sweta?" Nilikuwa nayo. "Basi umeipiga na umeme wa sweta. Pole." Akaondoka na mandazi yangu mawili.

Tangazo la jana limesitishwa.

Nimempigia Aketch wodini. Ni muuguzi, lakini leo hakuwa na huruma: alicheka mpaka mgonjwa akamuuliza kama kuna shida. Meitamei atakuja Alhamisi mchana. "Lakini utoke, mama." Nikamwambia bila shaka. Mimi ni mtu wa heshima.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetoka. Saa sita kamili nikafunga. Nikaenda sokoni, nikanunua sukuma nisiyoihitaji, nikapanda hadi kwa Ciku wa saluni ng'ambo ya barabara kuu, nikakaa mpaka saa kumi nikisifu nywele za watu.

Nikarudi. Kompyuta haijaguswa. Vumbi ni lile lile. Nje ya mlango kuna chupa ya maji, tupu, imesimamishwa vizuri kando ya ukuta.

Ufunguo ulikuwa kwa mkoba wangu.

Aketch anasema mumewe alingoja kwa muda wa saa tatu. Mbona hakunipigia? "Akupigie akwambie nini, mama? Rudi?" Na simu yake yeye ilikuwa imefungiwa kabatini, siku ya chanjo. Mwanzia ndiye alimpa kiti. Anasema jamaa alikigeuza kikaangalia barabara, ili asionekane anakodolea mlango wa mama mkwe.

Nilicheka sana. Halafu nikaacha.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwalimu Naserian amepiga. "Tuko pamoja, mama?" Nikasema tuko. Nimedanganya mwalimu wa watoto wa kanisa.

Meitamei atarudi kesho. Nimetundika pazia kwenye mlango wa mbele. Yeye aingie kwa mlango wa nyuma, mimi nikae kibarazani, nje ya pazia. Je, paa la kibaraza linahesabiwa? Mimi na Aketch tumejadili kwa simu dakika kumi na tano. Tumeamua halihesabiwi.

Jumamosi, 9 Agosti

Amefika saa nne. Nilisikia mlango wa nyuma, kisha bisibisi. Mimi nje na daftari hili. Aketch yuko wodini Kajiado na simu mbili, moja kila sikio, anatupatanisha.

"Mama, anauliza skrubu ya pili iko wapi."

"Mwambie sikuona skrubu ya pili."

Kitu kikatikiswa, kikalia ndani ya mashine. "Anasema ameipata."

"Anauliza zile nyaya mbili nyembamba za waifai ulizitoa vipi?"

"Mwambie zilitoka zenyewe."

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Sikuwa najua anacheka vipi. Anacheka kama mtu anayejaribu kukohoa.

Halafu habari njema: kadi haikufa. Ile ofisi ya zamani haikutaka waifai, kwa hivyo waliifungia nafasi yake kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayotokea kabla kompyuta haijaamka. Kadi yangu ilikuwa imekaa kwa chumba kilichozimwa. Sweta haina hatia. Ameiwasha, anasema Aketch, sasa anaanzisha mashine upya — ngoja mama, kuna mama mwingine hapa amefika mtoto akitoka, kwaheri.

Simu zote mbili zikakatika.

Ndani anabonyeza. Yeye yuko upande wa kioo cha kompyuta. Taa za matundu ziko nyuma ya mashine, na huko nyuma kwake kunaangalia mlango wa mbele, na mlangoni niko mimi. Akitaka kuziona lazima asimame aje hadi kwa pazia. Hasimami. Najua anangoja nini, na yeye hawezi kuuliza.

Sasa niandike ukweli, maana hakuna mwingine atausoma.

Heshima ya kwao ni ya kweli. Ya kwetu pia. Yangu ndiyo ilikuwa na kitu chini yake. Ile siku tulipokwenda kwao Bisil kabla ya harusi, nikiwa jikoni, nilimwambia dada yangu kwa Kiswahili, tena kwa sauti: "Huyu wa kuchomeka nyaya, binti yangu atakula nyaya?" Dada akacheka. Dirishani alikuwa yeye, amebeba debe la maji. Aliliweka chini polepole, lisimwagike, akaenda. Hakumwambia Aketch, Aketch angeshanipigia kelele. Tangu hapo, kila asipokuja, mimi nimesema ni desturi. Ilinifaa sana, hiyo desturi. Na bado kadi aliituma.

Nilisogeza pazia upana wa vidole viwili. Tundu la kwanza, kijani. Tundu langu la pili, kijani, na kando yake taa ndogo ya manjano ikipepesa.

Nikasema, bila Aketch: "Zinawaka. Zote mbili."

Vidole vikaacha kubonyeza.

Nikasema: "Na siku ile ya debe la maji. Nilikosea."

Paka alitoka, akaniangalia, akarudi ndani.

"Wasichana waje Jumatatu, mama," akasema. Basi. Sauti yake ni nzito kuliko kicheko chake.

Naandika hapa hapa kibarazani, daftari kwenye goti, kwa sababu sijui mikono niifanyie nini. Mlango wa nyuma haujafunguliwa. Sasa hivi nimesikia kiti kikigeuzwa. Kutoka hapa sioni kimeangalia wapi.