Safu ya Tisa

Jumamosi, 4 Agosti 2018

Mtafiti amerudi. Yule kijana wa Bangkok mwenye viatu vya kupandia milima ambavyo havijawahi kupanda hata ngazi. Safari hii kaja na maswali ishirini na saba, yamepigwa chapa. Je, asili ya Wamien ni Hunan au Nanjing? Je, Wamien na Wahmong ni ndugu?

Nikamwambia Wahmong ni ndugu zetu kama bata alivyo ndugu wa kuku, wote wana miguu miwili. Akaandika! Neno kwa neno.

Nikamsimulia habari za mbwa wa mfalme. Alivyomng'ata adui shingo, akaleta kichwa, akaozwa binti mfalme, wakazaa watoto kumi na wawili, na ndio koo zetu kumi na mbili. Ndiyo maana Mmien hali mbwa. Akaniuliza kama tunaamini hivyo kweli. Nyoo! Kwani yeye anaamini maswali yake?

Kisha akaomba kukipiga picha kitabu cha mizimu. Mimi ndiye ninayekitunza, mimi na si mwingine, kwa hiyo nikakishusha kutoka juu ya madhabahu. Nikafungua sanduku — mchwa! Wametoboa kurasa za mwanzo kama chujio. Kijana akawapiga picha mchwa.

Siku ya kulisha mizimu, kumi na nne ya mwezi wa saba, inaangukia Ijumaa ya tarehe 24. Siku hiyo nasoma majina yote kitabuni, moja moja, kila mzimu uje kula. Asiyeitwa hali. Anabaki huko nje anazunguka na njaa yake, mwaka hadi mwaka. Nina siku ishirini za kunakili kitabu kizima.

Jumapili, 5 Agosti

Nimesaga wino. Karatasi za mianzi ninazo, chache, lakini zitatosha.

Fu kaja na kuni na kapu la tangawizi. Anakohoa kutoka getini mpaka jikoni. Daktari wa mjini alishamwambia, mapafu yameisha, mwaka mpya hataufikia. Naye anabeba kuni!

Mdogo wangu. Ndivyo ninavyotakiwa kusema. Baba alimnunua kwa Waakha akiwa na miaka mitano, mwaka ule mama alipozika watoto wawili. Mimi nilikuwa na tisa. Siku ya kwanza tu alilia akidai nyama ya mbwa. Katika nyumba ya ukoo wa Pan! Tangu siku hiyo namwita Mla Mbwa, mwaka wa hamsini na saba huu. Anacheka tu. Mtu asiye na asili hana hata pa kukasirikia.

Baba alimpa jina letu la kizazi, Chiem. Mimi Chiem Wan, yeye Chiem Fu, kama mapacha! Tulivishwa na kuwashiwa taa za kuingizwa ukoo siku moja, tukapewa majina ya kiroho siku moja. Kusoma tu ndiko nilikosomeshwa peke yangu. Na baba alipokuwa anakata roho aliita, "Fu." Mara mbili. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu.

Alipokuwa anaondoka kaniuliza, "Kaka, nasikia unaandika upya. Utafika kwangu lini?"

Nikamwambia kitabu hakiandikwi kama tikiti ya basi.

Alhamisi, 9 Agosti

Kurasa sita. Mgongo unauma. Jina la kiroho, mke wa ukoo gani, kaburi mlima gani, linatazama wapi. Yote yanashuka kutoka juu kwenda chini, safu kwa safu. Baba yake babu mchwa wamemla mzima, kichwa hadi kaburi. Nimemwachia safu tupu, nitamuuliza Shangazi Muang. Ana miaka themanini na minane, lakini wafu anawajua kuliko wajukuu zake.

Mtafiti kapita kuaga. Anakwenda kwa Walahu kuwauliza maswali yaleyale. Ameniambia eti utambulisho ni kitu kinachojengwa. Nikamwuliza, kwa matofali au kwa mianzi?

Fu kaja na malenge. "Umefika kwangu?"

Bado.

Jumapili, 12 Agosti

Mkuu wa kijiji anataka niseme kidogo mbele ya wageni wa wilaya siku ya maonyesho ya utamaduni. Tulivyovuka bahari miezi mitatu bila kuona nchi kavu, na hati ya mfalme iliyotupa ruhusa ya kupita milima yote. "Fupi, mzee, na uvae lile koti." Watakuja na kofia za jua, watasema wanawake wetu wanapendeza, watanunua pochi iliyoshonwa kwa mashine mjini, watakwenda zao. Lakini nitasema. Nisiposema mimi atasema nani, Mla Mbwa?

Jumanne, 14 Agosti

Nimefika ukurasa wa mwisho, wa sisi tulio hai tuliowashiwa taa. Katika kitabu cha zamani una safu tisa. Ya nane ni mimi. Ya tisa ni Fu.

Nimezipanua kidogo safu nane. Zimejaza ukurasa vizuri sana. Ya tisa haikupata nafasi.

Ijumaa, 17 Agosti

Nilikwenda kwa shangazi na kuku mmoja na chupa ya pombe ya mchele. Yuko barazani, anatarizi suruali ya kitukuu bila miwani, anahesabu nyuzi kwa kidole.

Nikamwuliza jina la baba yake babu.

"Fat Kuei. Kaburi liko upande wa Laos, mlima wa mianzi mieusi, linatazama mto. Mkewe wa ukoo wa Tang." Palepale, hakufikiri hata kidogo. Halafu akavuta uzi, akasema, "Yule Mkhmu."

"Mkhmu gani, shangazi?"

"Fat Kuei, wewe! Aliletwa mgongoni mwa mtu, kakalishwa juu ya mzigo wa chumvi, mdogo kama paka. Baba yake alikuwa hana mtoto, akamnunua."

Nikasema amechanganya watu. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia jikoni.

"Mama yangu alikuwa mkwewe, alimpikia miaka kumi na moja. Alikuwa akisema mpaka uzeeni, wakipita karibu na kijiji cha Wakhmu, mzee alipunguza mwendo."

Nikauliza — sijui kwa nini niliuliza — kama alikuwa anakula mbwa.

"Alikula alichopewa. Sasa anakula kuku wako kila mwaka. Amewahi kulalamika?" Akacheka mpaka sindano ikamponyoka.

Kizee kimeota mvi mpaka kwenye akili. Jumapili nakwenda kwa Chiem Lin ng'ambo ya mlima. Ana nakala ya upande wao.

Jumapili, 19 Agosti

Chiem Lin ni binamu yangu na ni mlevi. Paka wanalala juu ya madhabahu yake. Kitabu amekifungia kwenye mfuko wa mbolea! Lakini mchwa hawajakigusa. Fat Kuei yumo, kaburi linatazama mto, mke wa Tang.

Nikamwambia alichosema shangazi, nikingoja acheke. Alicheka kweli, lakini alinicheka mimi.

"Kumbe hujui! Mzee wa taratibu, mshika kitabu, hujui! Huku kwetu hata watoto wanajua. Babu alipokuwa mkaidi, bibi alikuwa akimwambia, rudi kwa Wakhmu wako."

Nikasema, nionyeshe palipoandikwa. Nilikigeuza kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa. Nilitaka nione alama, nukta, neno moja dogo pembeni linalosema huyu alizaliwa humu, huyu alinunuliwa. Hakuna. Hata mmoja. Jina, taa, mke, kaburi, basi.

"Unatafuta nini, ndugu yangu?" Lin akauliza. "Kikiandika hivyo, nani atakisoma mpaka mwisho?"

Hata maji yake sikunywa.

Njiani nimepiga hesabu. Asiye damu atoke, haya. Fat Kuei atoke. Akitoka yeye, anatoka babu, anatoka baba, natoka mimi. Shangazi na kelele zake anatoka. Anayebaki katika ukoo wa Pan ni nani? Mbwa!

Jumatatu, 20 Agosti

Nimemwandika Fat Kuei katika safu yake. Nilikuwa nimemwachia nafasi, akaingia bila taabu.

Fu sijamwandika. Sijui kwa nini.

Uongo, najua. Baba aliita mara mbili, na si mimi.

Jumanne, 21 Agosti

Mvua. Mkuu wa kijiji kapiga simu, hotuba iwe ya dakika tano, na niseme neno "asili" mara nyingi, wageni wanalipenda. Nikakata simu.

Alhamisi, 23 Agosti

Tunajiandaa. Mke wangu Fam alikuwa anakata pesa bandia za karatasi za kuichomea mizimu. Hajui hata herufi moja, na kwa miaka arobaini na mitatu nimeona hilo ni jambo la kushukuru. Akavifungua vitabu vyote viwili kwenye ukurasa wa mwisho, cha zamani na kipya, akaviweka ubavu kwa ubavu kama vipande viwili vya kitambaa. Akapitisha kidole.

"Baba Seng. Huku tisa. Huku nane."

Nikamwambia mchwa.

"Ukurasa huu mchwa hawakuugusa." Kidole kikarudi, kikahesabu tena. "Au mchwa wako wanajua kusoma?"

Nikamwambia aache mambo asiyoyajua. Mimi! Nimwambie hivyo mtu ambaye akikosea uzi mmoja anafumua suruali nzima! Aliweka mkasi chini, akaenda kukaa na mke wa Fu. Pesa za karatasi zimebaki nusu.

Karatasi imebaki moja. Moja inatosha. Ukurasa wa kuandika upya ni mmoja. Nilikaa mbele yake mchana kutwa na wino umesagwa, nikiwadharau watu mmoja mmoja. Mtafiti. Lin. Mkuu wa kijiji. Shangazi na sindano yake. Mwanangu Seng aliyeko Taiwan, anayefunga skrubu kiwandani na hajui hata kaburi la babu yake liko wapi. Nilipomaliza wote nikajikuta sina mwingine wa kumdharau isipokuwa niliyekaa pale na brashi. Wino ukakauka.

Kesho asubuhi. Kabla hawajaja.

Ijumaa, 24 Agosti

Ndugu wamekuja mapema. Bado umande, shangazi kashaletwa kwa pikapu, amekalishwa karibu na madhabahu, anauliza kwa sauti mbona bata hawajachemshwa. Lin yuko hapa na koti la kuazima. Fam kamaliza pesa za karatasi zilizobaki, kaziweka mezani. Hajaniangalia.

Fu kakaa karibu na jiko, ananyonyoa bata. Kila manyoya kumi anapumzika. Amekonda, koti limemkalia kama limetundikwa msumarini.

Nilipitia pale na kitabu kipya kwapani nikielekea chumba cha ndani. Karatasi ile moja nimeificha humo. Dakika kumi tu nilikuwa nazihitaji. Akanishika upindo wa koti kwa vidole vyenye manyoya.

"Kaka. Umefika kwangu?"

Watu walikuwepo. Nikasema, "Nimefika."

"Nionyeshe."

"Hujui kusoma."

"Nionyeshe tu nilipo."

Fam kasimama na sufuria. Nilifungua ukurasa wa mwisho. Nikaweka kidole. Niliona pa kukiweka ni mahali pamoja tu, safu ya nane, mwisho.

"Hapa," nikasema.

Akajifuta mikono kwenye suruali, akainama, akaangalia kwa muda mrefu. Hakukohoa hata mara moja.

"Zuri," akasema. "Umeliandika vizuri kuliko baba." Akamwambia Lin, "Umeona? Na mlisema hataniandika."

Nimeingia chumba cha ndani. Naandika haya kwa kalamu ya wino wa dukani. Karatasi ya mianzi ipo mbele yangu, brashi ipo, wino nimeutia maji. Shangazi anaita, "Wan! Mizimu ina njaa! Wan!" Mlango hauna kitasa, uko wazi kiasi cha mkono, namwona Fu. Amevuta majivu jikoni akayasawazisha kwa kiganja. Ana kijiti. Anachora kile alichokiona kitabuni, polepole, ulimi nje kama mtoto, anafuta, anachora tena. Anamwambia Fam anataka akijue kwa moyo, ili siku akiitwa kula asikosee mlango.

Analichora jina langu. Mstari wa tatu kaukosea.

"Kaka!" anaita. "Njoo uone kama nimepatia."