Ukurasa Uliogeuzwa Kola

Chumba cha Washonaji,
Ghorofa ya Kwanza, juu ya Duka la Vitasa.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za dada yako aliyekubeba mgongoni mpaka ukaota meno. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimekuachia? Nasikia huko kambini mnakojenga barabara asubuhi kuna baridi ya kupenya mifupa. Tafadhali ivae ile fulana ya sufu, usiifanye mto. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Baba goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Leo nimesali, nimekunywa chai, nimekaa kwenye meza ya kukatia nguo nikupe habari. Na habari yenyewe ni ya kujisifu. Nimekwisha kumwomba Mungu msamaha mapema, kwa hiyo niache nijisifu kwa raha zangu.

Unaikumbuka kompyuta uliyotuachia, ukaiwekea mfumo wa Linux na ile programu ya kuchora vipande vya nguo, na ile printa kaidi uliyogombana nayo wiki nzima mpaka ikakubali kuchapa kola bila kuipindisha. Siku ya kuondoka, begi liko mlangoni, ulinisisitizia kila Ijumaa nichukue nakala ya mfumo mzima, si mafaili peke yake, niiweke kwenye diski ya nje. Ukanifanya niandike hatua zote daftarini kwa mkono wangu. Mimi niliyeishia darasa la saba!

Basi nimefanya hivyo miezi kumi na mmoja bila kuruka Ijumaa hata moja. Nikimaliza naiviringisha ile diski kwenye kitambaa, naitia ndani ya bati la biskuti, naenda nayo nyumbani. Mkataji wetu, yule tunayemwita Wembe kwa mikato yake na kwa maneno yake, amenibatiza jina.

"Jamani, Ijumaa imefika! Mama Nakala anakwenda kuizika kompyuta ingali hai!"

Nami humjibu kwamba akiba haiozi.

Sasa sikiliza. Chuo cha wauguzi kilitupa kazi ya sare za siku ya kiapo, wahitimu themanini na sita. Tuliwapima mmoja mmoja, bega, kifua, kiuno, mkono, na kila kipimo nikakiingiza kwenye kompyuta. Kisha wakatawanyika kwenye zahanati za mbali kwa mazoezi, na wangerudi siku moja tu kabla ya kiapo. Vipimo vile havikuwa kwenye karatasi yoyote.

Jumatatu moja asubuhi, zimebaki siku kumi na mbili, nawasha kompyuta, inalia tik, tik, tik, kama cherehani iliyovunjika sindano. Halafu kioo cheusi. Nikashika meza.

Tukamwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Akaifungua, akaisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, diski imekufa. Nitakuwekea mpya, ila vya zamani visahau."

"Ninayo nakala," nikamwambia.

"Ya mafaili?"

"Ya vyote. Mfumo, programu, printa, vipimo."

Akamtazama Wembe, Wembe akatazama dari. "Mama yangu, kurudisha mfumo mzima si sawa na kupiga pindo." Akafunga diski mpya, akasema akipata nafasi atapita kesho, akaenda zake.

Nikakupigia simu mara saba. Yule dada wa kwenye simu, asiyechoka wala kukasirika, akaniambia mara saba kwamba hupatikani.

Nikakimbilia nyumbani kuchukua bati la biskuti, nikanawa uso, nikasali, nikafungua daftari. Nikachomeka ile flashi ya kuanzishia uliyoniachia, nikawasha mashine kwa flashi hiyo, nikaiandaa diski mpya, nikaunganisha ile ya kwenye bati la biskuti, nikaandika amri ya kurudisha, herufi moja moja, kidole kwenye daftari. Mafaili yakaanza kupita kwenye kioo kama uzi unaokunjuka. Muda wa saa mbili na nusu, Kitinda! Mafundi wa vyerehani wakawa wanashona pindo huku wananiangalia mimi. Nashukuru Mungu hakuna aliyejishona kidole.

Ilipokwisha nikatoa flashi, nikazima, nikawasha tena kwa mbwembwe. Kioo kikanijibu kwamba hakioni mfumo wowote wa kuanzisha.

Nikarudi kwenye daftari. Hatua ya kumi na moja chini kabisa ya ukurasa: "Ukimaliza kurudisha, usizime, kwanza..." Nikageuza. Ukurasa unaofuata haupo. Umekatwa, na mkato wenyewe ni safi, wa mtu anayejua kukata.

Hapo hasira zikanipanda, nakiri. "Wembe! Umekata daftari langu?"

"Mimi?"

"Nani mwingine hapa hukata kila kinachokatika?"

Akaenda ukutani kwenye msumari tunakotundika karatasi za vipande, akapekua, akachomoa kola moja. Nyuma yake kuna maandishi yangu. "Karatasi yako hii hapa. Sasa geuza usome upande wa pili, na hao wote wasikie."

Nikageuza. Penseli, mwandiko wangu uleule wa kulala upande: kola ya shati la Baba. Mwenyewe niliikata, nilipokosa karatasi ngumu. Mdogo wangu, aibu niliyoipata ile! Nikamwomba Wembe msamaha mbele ya chumba kizima.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa soma kola, wauguzi wasije wakaapa na kanga."

Kola ilikuwa na nusu ya maneno. Nusu nyingine tuliipata kwenye kipande cha mfuko wa shati hilohilo. Tukaviunga kwa pini mezani. Katikati kulikosekana ukanda mwembamba, na ndio uliokuwa na amri muhimu. Niliweza kusoma kwamba kila diski ina namba yake ya utambulisho, ya tarakimu na herufi, na kwamba ile orodha ambayo mashine huisoma inapoamka bado ina namba ya diski iliyokufa, lazima niiandike ya mpya. Jinsi ya kuipata hiyo namba mpya ndiyo iliyokwenda na makapi.

Halafu nikajiuliza, kila Ijumaa kabla sijanakili huwa naanza na nini? Naandika ile amri ya kuorodhesha diski, nihakikishe namba ya diski ya nje nisije nikanakili kinyume. Basi amri hiyohiyo itanionyesha na hii mpya! Hilo halikuwa kwenye kola wala kwenye mfuko. Mungu alilitoa kwenye mazoea yangu mwenyewe.

Nikawasha tena kwa flashi. Wembe akanisomea namba herufi kwa herufi, kwa sauti ileile ya kusomea vipimo vya wateja, nami naiandika kwenye ile orodha. Kisha, kama mfuko ulivyosema, nikaipachika upya ile programu ya kuamshia mashine. Nikatoa flashi, nikafumba macho, nikabonyeza.

Wembe alipopiga kelele nikajua. Kwenye kioo upo wewe, ile picha yako ya kipuuzi, tepu ya kupimia shingoni na vidole masikioni. Vipimo themanini na sita, vyote vipo. Printa ikachapa kola ya kwanza, imenyooka kama rula.

Fundi alipokuja kesho yake alitazama kioo, akatazama daftari. Halafu akasema, "Mwalimu, naomba nilinakili daftari lako." Mwalimu, mimi! Baba naye anamwambia kila anayepita ngazini kwamba kazi iliokolewa na shati lake.

Jana walikula kiapo. Nilikaa safu ya nyuma kabisa. Waliposimama wote pamoja, pindo themanini na sita zilikaa kwenye mstari mmoja, na mimi nikalia bila kitambaa cha kujifutia.

Ule ukurasa nimeushona tena daftarini kwa cherehani, kola, mfuko na vyote. Ijumaa hii Wembe ndiye aliyeleta bati la biskuti mezani, bila kunitania. Na humu kwenye bahasha nimekuwekea daftari zima nililolinakili kwa mkono. Ulinifundisha nakala moja ikae mbali na mashine, na mbali kuliko kwako sipajui.

Baba anakusalimu, na anauliza utaoa lini. Shemeji yako anakusalimu, Shangazi pia, na Wembe anasema urudi akupime, umekonda kwenye picha. Mungu akufunike asubuhi na akulinde kazini. Mashine ikifa tena nitaifufua. Ila wewe, mdogo wangu, sina nakala yako. Jitunze.

Anayekupenda tangu huna jino hata moja,
Dada yako,
Mama Nakala