Magunia Manane Kwenye Pindo la Koti

Nanguo, mtani wangu,

Koti lako ninalo bado. Usinikodolee macho huko uliko. Siku ya kukuzika nililitoa kwenye kamba mbele ya watu wote, nikasema hii ndiyo ada yangu ya kumlilia Mmakonde, asiyetaka na afe yeye. Watu wakacheka na machozi yao. Ndiyo kazi yetu Wamakua kwenu, na wewe ungenifanyia hivyohivyo. Ila shemeji Zainabu alininunia tangu matanga.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Msimu wa korosho ulipofunguliwa, chama chetu cha ushirika kilibandika mlangoni karatasi ya wadaiwa. Wewe wa tatu: magunia matupu manane, uliyokopa msimu uliopita. Marehemu mzima, unadaiwa magunia! Na kwa kuwa nyumba yako ina deni, Zainabu akanyimwa magunia ya mwaka huu. Korosho zake zikalala chini chumbani, panya wakizikagua kama mabwana shamba.

Nikwambie kweli. Nilikushuku. Siku mbili nzima nilijisemea, huyu kaniachia aibu. Halafu nikakumbuka wewe ulikuwa ukiazima kiberiti unakirudisha umekiongeza njiti. Nisamehe kwa zile siku mbili.

Nikaenda ofisini nimevaa koti lako, makusudi, wamwone wanayemdai. Nikamwambia Festo, yule karani kijana aliyetoka bara: "Ndugu karani, mazishini si ulikuwepo? Si ilitangazwa anayemdai marehemu aje kwa ndugu zake? Mbona ulikaa kimya, au mdomo ulijaa wali?"

Akasema, "Mzee wangu, anayedai ni chama, si mimi. Leta stakabadhi."

Nikajitupa kwenye benchi kwa hasira. Pindo la koti likalia kwacha! Nikabonyeza. Kwacha tena. Nikakata uzi kwa meno yangu haya manne, ikatoka karatasi ndani ya nailoni. Nanguo! Uliishonea humo, tena kwa uzi wa magunia!

Festo akanyoosha mkono. Nikamwambia ngoja, nasoma mwenyewe. Unakumbuka ulivyoniburuta kwenye darasa la watu wazima, ukanicheka eti herufi zangu kama kuku kapita kwenye majivu? Huyo kuku alisoma mbele ya foleni nzima: magunia manane, amelipa yote. Na chini sahihi ya Festo mwenyewe, imejipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Alikupa stakabadhi, akasahau kukufuta kitabuni.

Kijana wa watu alitoka jasho. Akataka kufuta jina kwenye karatasi ya mlangoni, yaishe. Nikamwambia hapana, ndugu. Hiyo ya mlangoni mvua itaila. Kitabu ndicho kitakachomsema mwenzangu kwa kila karani atakayekuja. Akakifungua, akapiga mstari, akaandika pembeni: deni lililipwa, jina liondolewe. Halafu akanisogezea wino wa dole gumba nishuhudie. Nikausukuma. Nikaomba kalamu. Niliandika jina langu lote, Nanguo, foleni ikiguna nyuma yangu, na sikuharakisha hata herufi moja.

Zainabu, aliyekuwa kwenye foleni ileile, akapewa magunia yake, akatoka nayo kichwani. Alipita katikati ya wale waliosoma jina lako mlangoni, taratibu, kama anapelekwa harusini. Mimi nyuma, na koti, pindo linaning'inia. Sijawahi kutembea vizuri vile. Tulipofika kwako akasema, "Shemeji, hilo koti basi. Livae tu." Kisha akaingia ndani, nikamsikia analia, lakini kilio cha kupumua.

Basi lala, Mmakonde. Pindo sijalishona na sitalishona. Kila msimu karatasi ya wadaiwa ikibandikwa, nitakuwa wa kwanza mlangoni, nimevaa koti lako, kidole juu ya majina, nasoma moja moja mpaka la mwisho. Siku nikiliona lako tena, narudi kwa Zainabu kuchukua na suruali.

Mtani wako,
Mwenye koti